Babu yetu alikuwa askari wa Mdachi: je, tuliandike neno hilo kaburini?

"Shikamoo Mwalimu. Familia yetu ni ya Mtama, Lindi, ingawa mimi ninaishi Mtwara mjini. Mwaka huu tumekubaliana kulijengea kaburi la babu mzaa babu yetu, ambaye wazee wote wanasema alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, katika vita vya mwaka 1914 na kwamba alikuwapo kwenye mapigano ya Mahiwa. Katika sanduku la marehemu shangazi tumekuta kipande cha karatasi kilichochakaa chenye maandishi ya kizungu, namba, na neno 'Ombascha'. Ugomvi umezuka juu ya neno la kuandika. Baba mdogo anataka 'mwanajeshi', kwa sababu anasema askari siku hizi ni mlinzi wa geti. Binamu yetu aliyefanya kazi Johannesburg miaka mingi amesema kwa ukali kwamba askari ni msaliti na tutajiaibisha. Mpwa wangu aliye chuo kikuu anasema amesoma kwamba askari ni jina ambalo wazungu waliwapa Waafrika waliowatumikia, si neno letu, na mwenzake akaongeza kwamba limetokana na 'serikali'. Tena upande wa bibi wanatoka Liwale, na wao hawataki kabisa kulisikia. Naomba unieleze, askari maana yake hasa ni nini, na je, ni aibu kuliandika juu ya kaburi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa mvutano huo. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu kila mmoja wa ndugu zako ameshika kipande cha kweli na kukifanya kuwa neno zima. Baba mdogo anamwona askari wa getini, binamu anamwona askari wa Afrika Kusini, mpwa anamwona askari wa vitabu vya Kiingereza, na ndugu wa Liwale wanawaona askari waliochoma maghala ya bibi zao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezua jambo. Hata hivyo, wote wanalidai neno askari libebe mzigo ambao halikuumbwa kuubeba peke yake, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa utulivu kabla fundi hajachanganya saruji.

Nianze na mpwa wako, maana kosa lake ndilo jepesi kurekebisha. Si kweli kwamba wazungu walilitunga neno hili wala kwamba walituletea. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, ambako "askar" ni jeshi au kambi ya jeshi, na ile "i" ya mwisho hulifanya kuwa sifa: mtu wa jeshi. Waarabu nao, kwa maoni ya wataalamu wengi wa lugha, walilichukua kutoka Kiajemi "lashkar", lenye maana ya jeshi, na yaelekea ile "l" ya mwanzo ilidhaniwa kuwa ni sehemu ya "al" ya Kiarabu, ikadondoshwa. Mji wa Samarra ulioko Iraq uliwahi kuitwa Askar kwa kuwa ulikuwa kambi ya majeshi ya makhalifa, na ndiyo maana Imamu wa 11 wa Washia, aliyefariki mwaka 874, anajulikana kama Hasan al-Askari, ingawa hakuwa mtu wa kushika upanga. Waturuki husema "asker" hadi leo. Hata mabaharia wa Kihindi waliofanya kazi katika meli za Wareno na Waingereza waliitwa kwa jina lililotoka katika mzizi huo huo wa Kiajemi. Kwa hiyo neno hili lilikwisha kutembea bahari na jangwa kabla Mjerumani yeyote hajaiona Bandari ya Lindi.

Kuhusu "serikali", mwambieni huyo mwenzake mpwa kwamba wazo lake linapendeza lakini si sahihi. Serikali nalo ni la Kiajemi, ila limetoka katika maneno mawili mengine, "sar" lenye maana ya kichwa na "kar" lenye maana ya kazi au shughuli. Yanafanana masikioni, nayo yalikutana mlangoni kwa raia, kwa sababu kwa watu wengi wa vijijini uso wa kwanza wa serikali waliouona ulikuwa ni uso wa askari aliyekuja kudai kodi. Kukutana huko si undugu wa damu.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na wapagazi waliobeba mizigo, kiongozi aliyetangulia mbele, na askari waliobeba bunduki ili kulinda mali na pia, tuseme ukweli, kuhakikisha wapagazi hawatoroki njiani. Sultani wa Zanzibar naye alikuwa na askari wake katika bandari za pwani, wakiongozwa na majemadari. Ukiutazama vizuri utaratibu huo utagundua jambo litakalomtuliza baba mdogo: askari kwa maana ya mlinzi wa mali kwa malipo si uharibifu wa lugha wa siku hizi. Ni miongoni mwa matumizi ya kale kabisa ya neno hili katika Kiswahili, na ni ya zamani kuliko askari mwenye kofia ya tarbushi na viatu vya jeshi. Mlinzi anayekesha kwenye geti la ghala la korosho ana haki ya ukoo katika neno hilo.

Wajerumani walilikuta neno likiwa tayari na kazi. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alitumwa kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim, na kwa kuwa hakuwa na jeshi alikwenda kuajiri mamia ya Wasudani huko Misri, akawaongezea watu kutoka Msumbiji, kisha wenyeji wa pwani na bara. Mwezi Mei 1890 jeshi hilo lilishuka kusini na kuzitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwaka 1891 liligeuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, na wapiganaji wake Waafrika wakaendelea kuitwa askari, kama walivyoitwa na Waswahili wenyewe. Kutoka hapo vitabu vya Kijerumani na Kiingereza vililichukua neno na kulifinya, hata likawa na maana moja tu: Mwafrika anayepigana chini ya maofisa wa Kizungu. Mpwa wako amesoma sawasawa, ila alichokisoma ni maana ya neno la Kiswahili lilipokuwa ugenini. Nyumbani halikufinywa. Kwa Mswahili, askari wa Kijerumani angeweza kuwa Mmakua wa Masasi au Mjerumani wa Berlin, na Biblia ya Kiswahili huwaita askari wale Warumi waliosimama chini ya msalaba, ambao hawakuwa Waafrika wala hawakutumikia mkoloni wa karne ya 19.

Sasa nifike kwenye kiini cha neno lenyewe. Katika Kiswahili kuna majina ya watu yanayojitosheleza na kuna majina yanayodai kukamilishwa. Ukisema "shujaa" au "mwoga", umekwisha kumsifu au kumlaumu mtu, na msikilizaji hahitaji zaidi. Ukisema "mjumbe", "wakili" au "mtumishi", msikilizaji anabaki akingoja: wa nani? Askari ni la kundi hili la pili. Wazee wetu hawakusema tu "fulani alikuwa askari" wakanyamaza. Walisema askari wa Sultani, askari wa Mdachi, askari wa Mwingereza, askari wa Keya, yaani lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902, ambalo herufi zake K.A.R. zilitamkwa hivyo midomoni mwa watu. Hata leo, pale ambapo "wa" haitamkwi, kuna neno jingine linalofanya kazi hiyo: askari polisi, askari magereza, askari wanyamapori, askari mgambo, askari kanzu. Hilo la mwisho linanichekesha kila mara, kwa kuwa askari kanzu ni mpelelezi asiyevaa sare, na leo hata hiyo kanzu mara nyingi haivai.

Askari, basi, ni mtu aliyeandikwa. Ndiyo sababu zamani watu walisema "amejiandika askari" au "ameingia askari": jina lake liliingizwa katika daftari la mtu au la dola, akapewa silaha, sare na mshahara, na tangu siku hiyo mkono wake ukawa mkono wa yule aliyemwandika. Neno halikuambii kama alikuwa jasiri, kama alikuwa katili, wala kama alijitolea au alisukumwa na njaa. Linakuambia alikuwa chini ya amri.

Ushahidi mzuri wa hilo tunao hapa kusini. Katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, FRELIMO ilikuja kuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo Nachingwea. Wazee wa kando ya Ruvuma niliowahi kuzungumza nao huwataja watu wale kwa jina la wapigania uhuru, na wale wa upande wa pili huwaita askari wa Mreno. Wote walikuwa na bunduki, wote walipiga kwata, na kwa hakika wengine walikuwa Wamakonde kwa Wamakonde. Lugha iliwatenganisha kwa kuuliza swali moja tu: nani kawaandika?

Baada ya hapo tunaweza kumjibu binamu yako wa Johannesburg bila kumdharau, kwa maana anachokisema kina kaburi na machozi yake. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi, polisi wa usalama wa Afrika Kusini waliwakamata wapiganaji wa vyama vya ukombozi, wakawageuza kwa mateso, vitisho au fedha, na kuwatumia kuwatambua na kuwaua wenzao wa jana. Kituo chao kilichojulikana zaidi kilikuwa shamba la Vlakplaas karibu na Pretoria, ambalo siri zake zilianza kufichuka mwaka 1989 na baadaye zikaelezwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Watu hao waliogeuzwa waliitwa askari. Mtu aliyeishi miaka mingi katika mitaa ya huko hawezi kulisikia neno hilo kama ninavyolisikia mimi. Lakini maana hiyo ni ya nchi hiyo na ya miaka hiyo. Haiwezi kurudi nyuma miongo sita na kumkalia mtu wa Mtama aliyefariki kabla shamba la Vlakplaas halijajulikana kwa uovu. Nikuongezee kwamba hata Ulaya, katika Vita Kuu ya Pili, Wanazi waliwaita askari walinzi wasaidizi waliowachukua miongoni mwa mateka wa Kisovieti na watu wengine wa Ulaya Mashariki, na kuwafunza huko Trawniki, Poland, ili wawasaidie kuwaangamiza Wayahudi. Neno letu lilibebwa mbali sana, likafanyishwa kazi ambazo mwenye lugha hakuziagiza.

Mwambie binamu hivi: wasiwasi wake una msingi iwapo kaburi lingekuwa Soweto. Wasomaji wa kaburi la Mtama ni watu wa Mtama.

Ndugu zenu wa Liwale, mwanangu, ni habari nyingine, na hapo siwezi kukuambia kwamba wamekosea, kwa kuwa hawakukosea. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na mwezi uliofuata boma la Wajerumani la Liwale lilishambuliwa na kuteketezwa. Jibu la serikali ya Gavana von Götzen halikuwa mapigano peke yake. Vikosi vilipita kijiji hadi kijiji vikichoma nyumba, vikiteketeza mashamba na kuchukua au kuharibu chakula kilichowekwa akiba, na njaa ikaachiwa kumaliza kile ambacho risasi haikumaliza. Wajerumani wenyewe walikubali vifo vya watu wapatao 75,000. Wanahistoria waliolichunguza jambo hilo baadaye wamekadiria hadi 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache sana. Mikono iliyoshika mienge ya moto, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya askari, pamoja na rugaruga waliokodiwa kuwasaidia. Mtoto wa Liwale aliyekulia katika masimulizi hayo halisikii neno askari kama jina la kazi. Analisikia kama jina la msimu, kama vile mtu anavyosema mwaka wa nzige.

Kwa hiyo kabla hamjaamua lolote, kuna swali ambalo barua yako hailigusi, nalo ni kubwa kuliko lile la neno: babu aliandikwa lini? Mtu aliyeingia askari mwaka 1914 au baadaye, wakati koloni lilipokuwa likitafuta watu kwa haraka, hakuwapo kwenye moto wa 1905. Mtu aliyekuwa na cheo tayari wakati vita vya dunia vilipoanza huenda alikuwapo. Cheo cha ombasha hakikuwa cha mgeni wa jana, ingawa katika vita virefu vyenye vifo vingi watu hupanda haraka, hivyo cheo peke yake si ushahidi. Sikusudii kumpaka babu yenu matope. Ninakuambia tu kwamba mkikaa na ndugu wa Liwale mezani, wana haki ya kuuliza hilo, na jibu la kweli, hata likiwa "tunaendelea kulitafuta", litawatuliza zaidi kuliko kulibadilisha neno.

Mahiwa, kwa upande wake, ni jambo ambalo lugha inaweza kulisimulia bila kigugumizi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika eneo la Nyangao na Mahiwa ambalo mnalipita kila mnapokwenda Masasi, majeshi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalipambana na majeshi ya Uingereza katika mojawapo ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Upande wa Uingereza ulikuwa na Wanigeria na askari wa Keya. Upande wa Ujerumani ulikuwa na askari kutoka karibu kila pembe ya nchi hii. Hesabu zinazotajwa mara kwa mara ni kwamba Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, kwa vifo na majeraha, kati ya chini kidogo ya 5,000. Wajerumani walipoteza wachache zaidi, lakini hawakuwa na wa kuziba nafasi zao, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akaendelea kupigana hadi alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa amebaki na askari zaidi kidogo ya 1,100. Pale Mahiwa askari alimpiga askari, na wote wawili waliitwa hivyo na wanakijiji waliojificha porini. Hilo pia linatuonyesha kwamba neno halina upande.

Wapagazi, ambao waliandikwa kwa kazi nyingine na mara nyingi kwa nguvu, walikufa wengi kuliko askari, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ndilo lililobaki kuwa ukumbusho wa kikosi chao cha upande wa Uingereza. Mkisikia katika masimulizi ya ukoo kwamba ndugu wa babu "alikwenda vitani" lakini hakuna anayesema alishika bunduki, huenda alikuwa mpagazi, na anastahili kutajwa naye.

Sasa kuhusu karatasi yenu. Neno "Ombascha" ni hazina, na namna lilivyoandikwa ni hazina zaidi. Ombasha ni neno la Kituruki, "on" likiwa ni kumi na "baş" likiwa ni kichwa, yaani mkuu wa watu kumi. Kwa vyeo vya leo ni koplo. Lilifika hapa pamoja na wale Wasudani wa Wissmann, kwa kuwa jeshi la Misri walilotoka lilitumia vyeo vya Kituruki. Juu ya ombasha alikuwapo shaushi, ambaye ni sajini, na juu kabisa kwa Mwafrika alikuwapo efendi. Vyeo hivyo vimekufa isipokuwa huyo wa mwisho, ambaye hakufa ila alibadilika sauti: kila unapomwambia askari wa barabarani "samahani afande", unatamka neno la Kituruki lililopitia Cairo. Kuandika kwa "sch" badala ya "sh" ni tabia ya mkono wa Kijerumani. Karani wa Kiingereza asingeandika hivyo. Kwa hiyo, hata kabla ya kusomwa kwa mstari mwingine wowote, karatasi hiyo inakubaliana na wazee wenu kuhusu aliyemwandika babu.

Tuje kwenye maneno mliyopendekeza. "Mwanajeshi" si kosa la lugha. Ni neno safi na la heshima, na kwa maana pana mtu yeyote wa jeshi ni mwanajeshi. Shida yake ni kwamba kwa msomaji wa leo, aliyekulia chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, mwanajeshi asiyetajiwa jeshi lake hueleweka kuwa ni wa taifa hili, na mjukuu atakayelisoma kaburi miaka 50 ijayo anaweza kudhani babu alipigana Vita vya Kagera. Isitoshe, hata ndani ya jeshi letu neno askari halijashushwa hadhi. Husikika kila siku katika hotuba "maofisa na askari", ambapo askari ni wale wasio na kamisheni, na hakuna anayekasirika. Ombasha angekuwa katika kundi hilo hilo.

"Shujaa" nisingeliandika. Sisemi hakuwa shujaa. Nasema ni neno la hukumu, na ndugu wa Liwale watakuwa na haki ya kuuliza shujaa wa nani na dhidi ya nani. "Mpiganaji" ni jepesi kidogo, lakini linamwondoa babu katika daftari aliloandikwa na kumfanya mtu aliyekwenda vitani kwa shauri lake mwenyewe. Kulifuta jambo lote na kuandika jina na tarehe tu ni njia yenye adabu, na kama kikao cha familia kitashindwa kukubaliana, hiyo ndiyo ningeichagua kuliko kuacha kaburi liwe chanzo cha ugomvi. Lakini mkiniuliza mimi, ningeandika askari, na nisingeliacha neno likiwa uchi. Ningelipa ukamilisho wake: "Alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, cheo ombasha." Mkishathibitisha habari ya Mahiwa, ongezeni "Alipigana Mahiwa, Oktoba 1917." Msipothibitisha, liacheni hilo katika masimulizi, ambako halimdanganyi mtu.

Fundi wa maandishi anaweza kukuulizeni kuhusu sarufi, hasa kama mtawataja watu wawili, kwa hiyo nilitaje kwa ufupi. Askari halibadiliki katika wingi: askari mmoja alikuja, askari watatu walikuja. "Maaskari" husikika sana mitaani, lakini katika maandishi rasmi si lazima wala halipendezi. Katika maandishi ya zamani mtakuta "askari zake", na leo wengi huandika "askari wake". Yote mawili yana historia, chagueni moja na mlifuate hadi mwisho.

Mfano wa kuandika neno hili juu ya jiwe tunao tangu mwaka 1927, pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, katika sanamu ya askari wa shaba aliyeelekeza singe yake upande wa bandari. Mahali hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, ambayo chini yake alisimama askari akimtazama bwana wake kwa juu, nayo iliondolewa baada ya Waingereza kuingia mjini mwaka 1916. Sanamu ya sasa ina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na inawataja pia wapagazi. Nao walioijenga walikuwa wakoloni, na maneno yao yana utukufu wa kikoloni ambao sina haja ya kuutetea, lakini askari pale amesimama peke yake, bila bwana juu ya kichwa chake.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana, na barua yangu haiwezi kuyatosheleza. La kwanza ni karatasi. Msiitie laminesheni, msiibandike gundi ya nailoni pale ilipochanika, wala msiifute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Iwekeni ikiwa imenyooka kati ya karatasi mbili nyeupe safi, mbali na jua na unyevu wa pwani, mpige picha pande zote mbili mchana penye mwanga, kisha mmoja wenu aipeleke kwa watu wa Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Makarani wa Kijerumani wa wakati huo waliandika kwa mtindo wa herufi ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila mafunzo, hivyo msimwamini mtu atakayewasomea kwa dakika mbili kwa kutumia simu. Ile namba inaweza kuwa ya kikosi au ya mtu mwenyewe, na ndiyo itakayosaidia kujua aliandikwa lini. Na akitokea wakala wa kuwaambia kuna mafao ya Ujerumani yanayowangoja wajukuu, ila atangulizwe fedha za usumbufu, mfungulieni mlango wa kutokea.

Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai, wengi wao walikuja bila cheti chochote. Ofisa aliyekuja na fedha akampa kila mmoja fagio na kumtolea amri za kwata kwa Kijerumani, na hakuna aliyeshindwa. Babu yenu hawezi tena kupewa fagio, lakini karatasi mnayo, na hiyo ni bahati ambayo wale wazee wengi hawakuwa nayo.

La pili ni kikao na watu wa Liwale, na hilo ni la kwenda kwa miguu yenu, si kwa simu. Nendeni na baba mdogo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na binamu asibaki nyuma. Waulizeni kwanza wazee wao wanasimulia nini, muwasikilize hadi mwisho, kisha ndipo muwaonyeshe maneno mnayokusudia kuyachonga. Mkipata jibu la Nyaraka kabla ya safari hiyo, niletee nakala ya picha nikiwa bado Lindi, tuisome pamoja.